Hati Tatu za Siku ya Mwisho

Siku ya mwisho ya Bunge ni kama siku ya mwisho ya shule: hakuna anayesoma, kila mtu anapiga picha, na viongozi wanazunguka wakitafuta vitu walivyopoteza tangu mwanzo wa mwaka. Tofauti ni moja. Bunge likivunjwa, taarifa yoyote ambayo haijawekwa mezani inakufa. Haiahirishwi wala haisubiri. Bunge jipya likija baada ya uchaguzi linaanza moja, na waliohangaika kuandika wataambiwa waandike upya, kama kuna atakayewakumbuka.

Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha hati. Kipo nyuma ya ukumbi, mlango wa tatu baada ya choo cha wanawake. Hakina dirisha. Kina kaunta, rafu za chuma, mashine ya kutoboa karatasi na feni inayogeuza shingo upande mmoja tu. Kila taarifa inayokwenda mezani hupita kwanza mikononi mwangu. Naigonga muhuri, naipa namba na jalada: bluu kwa kamati, kijani kwa Serikali. Wabunge wananiita Mama Hati. Ni mwaka wa kumi na tisa huu, na wengi hawajui jina langu. Mimi nawajua kwa saini zao.

Asubuhi hiyo, saa moja na nusu, katibu wa kamati ya elimu aliingia mbio. Ni dada makini, nguo zake siku zote zimenyooka. Siku hiyo blauzi ilikuwa imefungwa vifungo shaghalabaghala.

"Mama, haijaisha."

"Nini haijaisha?"

"Taarifa ya matangi."

Niliweka kikombe cha chai chini.

Taarifa ya matangi ndiyo hii. Wizara ilipeleka matangi mia tatu na arobaini ya maji kwenye shule za bweni. Matangi yalifika. Mabomba hayakufika, wala maji. Kamati ikazunguka miezi minane, shule kwa shule, ikahoji walimu, wapishi, walinzi na wanafunzi. Ikakuta shule moja inafuga kuku ndani ya tangi. Shule nyingine, mlinzi amehamia humo, ametoboa dirisha na kutundika pazia. Na binti yangu wa pili yuko kwenye mojawapo ya shule hizo. Anaamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani na ndoo, na njiani anapita kando ya tangi la lita elfu kumi lililoandikwa "Maji ni Uhai". Kwa hiyo taarifa ile kwangu haikuwa hati tu ya kugongwa muhuri. Isipowekwa mezani siku hiyo, mtoto wangu angemaliza shule na ndoo kichwani, na mdogo wake angeirithi.

"Si mlimaliza wiki iliyopita?"

"Tulimaliza. Halafu waheshimiwa wakaanza kubishana kama kamati 'imesikitishwa' au 'imeshangazwa'. Wamebishana mpaka jana jioni."

"Wakafikia wapi?"

"'Imesikitishwa kwa mshangao.'"

"Mungu wangu."

"Mashine ya kuchapa ndiyo imeanza leo asubuhi. Iko ukurasa wa thelathini na sita kati ya mia moja na arobaini. Ikichapa kurasa ishirini inapata moto, inapumzika. Fundi anasema saa tisa."

Hati huwekwa mezani saa nne, mara tu baada ya maswali. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyesema.

"Mama, tengeneza ganda."

Hapa lazima niseme jambo ambalo halimo kwenye kanuni yoyote. Hati huhesabika kuwa imewasilishwa pale mbunge anaposimama, akataja jina lake na kuiweka juu ya meza. Kanuni haisemi kuna mtu lazima aifungue. Na kwa kuwa hakuna anayeifungua, miaka mingi kabla sijaajiriwa, watu wa chumba hiki waligundua ganda: jalada halisi, ukurasa wa kwanza halisi wenye jina na saini, na ndani karatasi nyeupe, nyingi za kutosha kumfanya mheshimiwa aonekane kabeba kazi. Mezani linalala kama hati. Mchana, wakati wabunge wanakula, msimamizi anapita na toroli "kukusanya hati kwa ajili ya kumbukumbu", anachomoa ganda na kuacha hati yenyewe. Sijivunii jambo hilo. Lakini nililirithi pamoja na kaunta, na kaunta siwezi kuirudisha.

Nilichukua jalada la bluu, nikatoboa karatasi nyeupe mia moja na arobaini. Nilikuwa nabana pini ya mwisho mlango ukafunguka tena.

"Shikamoo, Mama Hati."

Alikuwa msaidizi wa waziri, waziri yule yule wa matangi. Jitu zima lenye tai nyembamba na simu tatu.

"Marahaba. Sema, nina kazi."

"Na sisi tunahitaji mawili."

"Mawili nini?"

Akaangalia nyuma yake. "Yale."

"Ya taarifa zipi?"

"Taarifa ya mwaka ya wizara. Na taarifa ya utekelezaji wa mradi wa maji shuleni."

"Zenyewe ziko wapi?"

"Ziko kwenye hatua za mwisho."

"Hatua gani hizo?"

"Kuandikwa."

Nikamtengenezea. Majalada mawili ya kijani, kurasa mbili za mbele zenye saini ya waziri, na karatasi nyeupe. Wakati nafanya hivyo, macho yake yalitua kwenye lile la bluu juu ya kaunta. Akasoma jina. Akaligusa kwa kidole kimoja, likafunguka kidogo, akaona weupe. Alichukua yake mawili, akaniambia Mungu anibariki, akaondoka akibonyeza simu mbili kwa pamoja.

Nilijua kuna kitu. Mwanaume huyo hajawahi kuniombea baraka.

Saa nne nilikuwa kwenye benchi la watumishi, kando ya mlango wa ukumbi. Waziri ndiye aliyetangulia. Ni mtu anayetabasamu hata anapokataa. Aliinama mbele ya Spika kama inavyotakiwa, akataja taarifa zake mbili kwa sauti nzuri, akaziweka mezani kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto. Makofi upande wake.

Akafuata mwenyekiti wa kamati. Wenzake wanamwita Kwa Ufupi, kwa sababu ndivyo anavyoanza kila hotuba, na hotuba zake zimewahi kuwapitisha watu wakati wa chakula.

"Mheshimiwa Spika, kwa ufupi, naomba kuweka mezani taarifa ya kamati ya elimu kuhusu matangi ya maji katika shule za bweni."

Akaliweka ganda. Nikapumua. Kabla sijamaliza kupumua, waziri alikuwa amesimama.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!"

Spika wetu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kwa miaka kumi na saba kabla ya kuingia siasa, na hajawahi kuuacha ualimu. Alimtazama waziri juu ya miwani.

"Sema, Mheshimiwa Waziri. Na uwe umesoma kanuni kabla ya kuitaja."

"Mheshimiwa Spika, nina sababu ya kuamini kwamba hati iliyowekwa mezani sasa hivi haina kitu. Ni karatasi tupu. Hii ni dharau kwa Bunge lako tukufu! Naomba kiti chako kielekeze hati hiyo iondolewe, na ihesabike kuwa kamati haikuwasilisha."

Ukumbi ulilipuka. Nikamtazama msaidizi kwenye viti vya maofisa. Alikuwa ametulia kama paka aliyeshiba. Hapo nikaelewa. Wasaidizi humpa bosi nusu ya habari, ile nusu itakayomfurahisha. Alikuwa amemwambia waziri kwamba hati ya kamati ni tupu. Hakumwambia kwamba zake pia ni tupu.

"Mwenyekiti," Spika alisema, "unasemaje?"

Kwa Ufupi alisimama. Jasho lilikuwa limeshatangulia kusimama.

"Mheshimiwa Spika, kwa ufupi, suala la utupu ni suala pana..."

"Hati yako ina maneno au haina?"

"Maneno yapo, Mheshimiwa Spika. Yako njiani."

Waliocheka walicheka. Katibu wa kamati, pembeni yangu, alikuwa ameushika mkono wangu kama mtu anayesubiri sindano.

"Mpambe wa Bunge," Spika alisema, "niletee hati hiyo."

Mpambe ni baba mrefu wa glavu nyeupe ambaye hajacheka tangu apandishwe cheo. Alianza kutembea kuelekea mezani, hatua zake zile za gwaride, na mimi nilikuwa na muda wa hatua kama ishirini hivi wa kuamua.

Nikinyamazia yale ya kijani, ningesema nilitumwa na kamati, ningefokewa kidogo na jioni ningekuwa jikoni kwangu. Taarifa ingekuwa imekufa. Nikisema habari ya majalada ya kijani, ningekuwa nimekiri kwa mkono wangu kwamba nimetengeneza maganda matatu asubuhi moja, na mtu wa maganda matatu hana wa kumsingizia. Nilifikiria barua ya kufukuzwa. Nikamfikiria binti yangu na kile kisima. Nikachomoa kalamu nyweleni.

Niliandika: *Mheshimiwa Spika, nimetengeneza mimi. Tafadhali fungua na zile mbili za kijani. Chumba cha Hati.*

Mpambe alipopita mbele ya benchi letu nilimpachika karatasi kwenye glavu. Aliiangalia, akaniangalia.

"Mama Hati, unajua unachofanya?"

"Hapana. Endelea kutembea."

Spika alisoma kikaratasi kwanza. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Miaka kumi na saba ya kukamata barua za mapenzi darasani si mchezo. Akafungua jalada la bluu. Ukurasa wa kwanza, jina na saini. Wa pili, mweupe. Akauinua ukumbi mzima uone. Waziri alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Mheshimiwa Waziri ana haki," Spika alisema. "Nampongeza kwa uangalifu wake. Mpambe, hebu niletee na zile mbili za kijani, tumtendee kila mtu sawa."

Waziri aliendelea kutabasamu. Kwenye viti vya maofisa, simu moja ilianguka sakafuni. Halafu ya pili.

Spika alilowesha kidole. "Taarifa ya Utekelezaji wa Mradi wa Maji Shuleni. Ukurasa wa kwanza, saini ya Waziri. Wa pili." Akafunua. "Wa tatu." Akafunua. Akaruka mpaka katikati, akaruka mpaka mwisho, akaligeuza juu chini na kulitikisa. "Mheshimiwa Waziri, lazima nikiri, taarifa hii inalingana kabisa na mradi wenyewe."

Sijawahi kusikia Bunge likicheka hivyo, pande zote mbili. Mbunge mmoja wa nyuma alipiga meza akipaza sauti, "Hiyo imetekelezwa asilimia mia!" Hata Mpambe alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Mheshimiwa Spika," waziri alisema, akimtafuta msaidizi kwa macho, na msaidizi akisoma dari, "mimi niliamini... ilikuwa nzito, Mheshimiwa Spika."

"Hata jiwe ni zito. Uliifungua?"

Waziri akaanza kufunga kifungo cha koti.

"Kaa chini. Na Mwenyekiti, acha kucheka, wewe pia hukuifungua." Spika alivua miwani. "Nilipokuwa mwalimu, mwanafunzi akileta daftari tupu sikumfukuza. Nilimkalisha aandike. Kiti kinaelekeza hivi: mpaka sasa hakuna hati yoyote iliyowekwa mezani. Nasitisha kikao mpaka saa sita kamili. Mwenye maneno alete maneno. Asiye nayo, Bunge litavunjwa na yeye akiwa hana." Alitazama benchi letu. "Na aliyeandika kikaratasi hiki, nitaonana naye."

Niliangalia viatu vyangu. Vilihitaji rangi.

Mimi na katibu tulishuka ngazi kwenda chumba cha kuchapia tukiwa tumekunja sketi mkononi. Mashine ilikuwa kimya. Fundi alikuwa amekaa kando yake, anaipepea na kifuniko cha boksi.

"Iko wapi?"

"Sabini na nane. Inapumzika."

"Saa ngapi itamaliza?"

"Nilishasema, Mama Hati. Saa tisa. Haitaki kulazimishwa, hii ina roho."

Simu yangu ikalia. Mama mkwe. Yeye huangalia Bunge kwenye televisheni tangu kufunguliwa mpaka dua ya mwisho, na hunipigia simu kama vile mimi ndiye ninayeendesha.

"Mwanangu, mbona mmezima? Tulikuwa tumenoga!"

"Mama, nipo kazini."

"Najua upo kazini, nimekuona unatoka mbio. Sketi imepinda. Sasa niambie, yule waziri atalia?"

"Sijui, mama."

"Na mjukuu wangu? Hayo maji vipi?"

"Ndiyo ninayahangaikia hapa."

"Basi hangaika, usiongee na simu!" Akakata yeye.

Nilibaki nimetazama trei ya mashine. Ukurasa wa sabini na nane ulikuwa umerundikana humo, juu yake sabini na nane mwingine, na mwingine.

"Fundi, unachapa nakala ngapi?"

"Sitini. Kama kawaida."

"Za nani?"

"Za wabunge."

"Nani huja kuzichukua?"

Alijikuna kidevu. Pembeni yake kulikuwa na kiti chake, na kiti chenyewe kilikuwa taarifa hamsini na kitu za mwaka juzi, zimefungwa kamba, na mto juu. Sisi watatu tulikitazama. Tangu alfajiri watu wazima wenye vyeti tumekimbizana na saa, na hakuna aliyeuliza swali hilo. Mimi nikiwamo.

"Mezani inatakiwa moja," nikasema. "Chapa moja!"

"Lakini utaratibu..."

"Baba, nitakupiga na huo mto."

Akachapa moja. Kurasa sitini na mbili zilizobaki zilitoka kwa dakika ambazo nisingemaliza kumenya viazi. Katibu alizipanga, akazihesabu mara mbili, akagundua ukurasa wa mia na tatu uko juu chini, akaugeuza. Pini ndefu zilikuwa zimekwisha zote kwenye maganda, kwa hiyo nilitoboa matundu na kuifunga kwa uzi wa kufungia mafaili, fundo la mkoba wa shule, lile lisilofunguka. Nikagonga muhuri. Tulipopita kwenye korido tulimkuta msaidizi wa waziri ameinama dirishani, simu moja sikioni, nyingine mkononi: "Andika, 'Serikali imefanya jitihada kubwa.' Eeh. Sasa aya ya pili... hapana, ya pili ndiyo nakuuliza wewe!"

Saa sita kamili Kwa Ufupi aliweka taarifa mezani ikiwa na joto kama mkate. Akafungua kinywa. "Mheshimiwa Spika, kwa..."

"Kaa!" ukumbi mzima ulisema.

Spika aliagiza aletewe. Akaanza kufunua, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, na watu zaidi ya mia mbili wakamsubiri. Katikati alisimama. Akasoma kimya, mdomo ukimchezacheza.

"Mnivumilie. Ukurasa wa sitini na tatu. 'Shahidi wa tisa, mlinzi, aliieleza kamati kuwa tangi lina baridi nzuri mchana, na kwamba endapo Serikali itatuma mabomba, anaomba ajulishwe mwezi mmoja kabla ili atafute nyumba.'"

Wakacheka. Akafunua tena. "'Shahidi wa kumi na mbili, mwanafunzi, alisema hana maoni kuhusu tangi, ila anaomba taa ya njiani, kwa sababu kisimani ni giza.'"

Hapo hawakucheka. Nilimwona mbunge mmoja mama, wa upande wa Serikali, akichukua kitambaa. Spika akafunga jalada.

"Hati ina maneno. Imepokelewa. Mheshimiwa Waziri, za kwako?"

Waziri alisimama bila tabasamu. Ndipo nikajua ana midomo mizito. "Mheshimiwa Spika, naziondoa."

Basi, Bunge likavunjwa, wakaimba, wakakumbatiana na watu waliokuwa wakitukanana jana. Spika alinikuta kwenye kaunta yangu, bado amevaa joho.

"Maganda mangapi umetengeneza?"

"Mwaka huu, au yote?"

"Nyamaza, usinijibu. Nikijua itabidi niyaandike." Aliangalia feni, rafu, rundo la majalada. "Kesho utapata barua ya onyo. Kali."

"Nitaipa namba, Mheshimiwa."

"Na hili la maganda limekwisha leo."

"Limekwisha."

Alipotoka, nilisikia kelele kwenye korido. Nikadhani ugomvi. Ilikuwa foleni. Ilianzia kwangu ikapita choo cha wanawake mpaka kwenye ngazi: wabunge, madereva wao, waandishi wa habari, hata Mpambe na glavu zake. Wote wanataka nakala ya matangi. Kwa miaka kumi na tisa sijawahi kuombwa nakala na mtu aliyesimama. Huwa nawaandikia barua za kuwabembeleza waje. Nikampigia fundi, nikamwambia arudi kwenye sitini zake, aongeze sitini nyingine, na mashine ikitaka kupumzika aiambie mimi nimekataa.

Nilitoa daftari, nikaanzisha utaratibu wangu: hakuna kuchukua bila kusaini, ili mwakani asitokee wa kusema hakuona. Msaidizi wa waziri alijipenyeza mbele na tai yake.

"Mama Hati, bosi anaomba moja."

"Aje mwenyewe asaini."

"Mama, yule ni waziri."

"Nimemwona. Asimame nyuma ya yule dereva."

Akaja kweli. Alisimama nyuma ya dereva, akasogea hatua kwa hatua kama sisi wote. Alipofika alisaini, saini ndefu yenye mkia, akaipima taarifa mkononi, na safari hii akaifungua. Akatazama ukurasa wa kwanza, akachungulia wa mwisho.

"Kurasa mia na arobaini," alisema kwa sauti ya chini. "Mama, hakuna muhtasari?"

"Upo, Mheshimiwa. Maji hakuna. Anayefuata!"